Bia Nyekundu Laini: Gramu 100 Zatosha

Mara ya kwanza nilipopika nyumbani bia nyekundu ya mtindo wa Ayalandi, nilitia gramu 300 za shayiri iliyokaangwa katika lita 20, nikiamini kwamba wekundu hutaka nafaka nyeusi nyingi. Nilichopata kilikuwa kinywaji cha rangi ya kahawa, kikali kooni kama makaa, nami nilikimaliza kwa kujilazimisha tu. Siku hizi natia gramu 100. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachong'aa kwa wekundu glasi inapoinuliwa kwenye mwanga. Kikizidi, rangi huingia katika hudhurungi, na ule ukavu mwembamba unaotakiwa mwishoni mwa funda hugeuka uchungu wa kitu kilichoungua.

Nafaka iliyobaki ni kilo 4 za kimea cheupe cha kawaida, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, na gramu 250 za kimea cha karameli, ambacho sukari yake imekaangwa ndani ya punje. Wapo wanaodhani kwamba ulaini unatokana na karameli, wakairundika mpaka bia inanata mdomoni. Mimi naona ulaini unatokana zaidi na joto la maji ya kulowekea kimea. Kimea kikikaa dakika 60 katika nyuzijoto 67 au 68, wanga huvunjwa kwa namna inayoacha sehemu ambayo hamira haiwezi kuila, na sehemu hiyo ndiyo inayoifanya bia ijae mdomoni pasipo kuwa tamu kupita kiasi. Chini ya nyuzi 65, vimeng'enya huukata wanga vipande vidogo mno, hamira ikala karibu vyote, na bia ikatoka nyepesi. Shayiri iliyokaangwa naitia katika dakika 15 za mwisho za kuloweka, kwa sababu rangi hutoka upesi kuliko ukali.

Kuhusu hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, sina mengi: gramu 40 za aina ya Kiingereza, Fuggle au East Kent Goldings, zilizochemka saa nzima katika maji yaliyochujwa kutoka kwenye kimea, zinatosha, kwani hii si bia ya kunukia maua.

Subira hutakiwa zaidi wakati wa kuchachua. Naanza kwa nyuzi 18, kisha siku ya nne au ya tano naacha joto lipande hadi 20 au 21 kwa siku tatu, ili hamira ipate kuifyonza diasetili iliyoitoa yenyewe, ambayo huipa bia harufu ya siagi. Nikiwa na shaka, nachota bia kidogo katika glasi mbili zilizofunikwa, moja naipasha moto hadi nyuzi 60 kwa muda wa dakika 20, naiacha ipoe, kisha nazinusa zote mbili. Siagi ikijitokeza katika ile iliyopashwa, pipa halifunguliwi bado.

Haidromita, chombo kinachopima uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji (1.000), huanza na 1.045 na kushuka hadi karibu 1.012 sukari inapoliwa, yaani kilevi cha takriban asilimia 4.3. Sitii bia katika chupa kabla kipimo hakijakaa palepale kwa siku tatu, maana gramu 100 za sukari ninazoongeza ili bia ipate gesi, zikikutana na uchachukaji ambao haujaisha, zinaweza kupasua chupa. Chupa za wiki ya pili tayari zina povu, lakini shayiri bado inakwaruza kidogo ulimini. Kufikia wiki ya nne mkwaruzo huo huwa umetulia, ndiyo maana mimi huficha chupa sita nyuma ya kabati kabla wageni hawajafika.