Siku mazungumzo yalipopotea katikati ya filamu

Ilikuwa Jumamosi usiku, mwezi wa nane, ukumbi umejaa. Mimi ni fundi mitambo kwenye ukumbi mdogo wa sinema hapa Arusha, na filamu ya usiku ule ilikuwa ya Kiswahili, ya ndugu wanaogombea shamba la baba yao. Watu walikuja kusikiliza maneno. Kwenye dakika ya 40 hivi muziki uliendelea, pikipiki ikapita kutoka kushoto kwenda kulia, lakini mazungumzo yakageuka mwangwi wa mbali. Mama mmoja aliyekuja na wanawe akageukia dirisha la chumba changu, akapaza sauti: "Fundi, watu wanafunua midomo tu!"

Kauli yake ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia. Mfumo wetu wa sauti, unaoitwa 5.1, una chaneli 6, yaani njia 6 za sauti: kushoto, kati, kulia, mbili za kuzunguka watazamaji, na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote hupita chaneli ya kati, kwenye spika iliyofichwa nyuma ya pazia linaloonyeshewa filamu. (Pazia lenyewe lina vitundu ili sauti ipenye, ukilisogelea na tochi unaviona kama chekeche la unga.) Prosesa, kifaa kinachogawa sauti kwa kila chaneli, ingekufa, ukumbi mzima ungenyamaza. Muziki ulikuwepo, kwa hiyo nilibaki na vitu vitatu vya kushuku: waya wa kati, amplifaya yake (kifaa kinachoipa sauti nguvu ya kuendesha spika), au spika yenyewe.

Nikasimamisha filamu kabla ya kugusa chochote. Nimewahi kumwona fundi akipandisha sauti kutafuta maneno, kishindo kikawainua watu vitini. Nikawasha taa, nikashuka hadi mbele: "Ndugu zangu, samahani sana. Spika ya kati haitoi sauti. Naomba dakika 10, na filamu nitairudisha pale ilipoharibikia." Hakuna aliyetoka. Naamini kabisa kwamba mtu akielezwa mapema huvumilia; kinachomuudhi ni kuachwa gizani bila neno.

Juu, amplifaya ya kati ilikuwa imewaka taa nyekundu. Nikaweka kiganja juu ya bati lake, nikakitoa upesi. Feni haizunguki. Ilikuwa imejizima isiungue, na kuilazimisha kungekuwa kuiua. Tunayo nyingine ya aina hiyohiyo inayoendesha spika za nyuma ya viti. Nikazima zote, nikachomoa nyaya za spika za nyuma, nikachomeka za kati, ya kutoka kwenye prosesa na ya kwenda kwenye spika. Iliniuma, kwa sababu filamu ile ina mvua inayonyesha mpaka unahisi uko chini ya bati. Lakini mvua watu wangeweza kuikosa, maneno hapana. Nikawasha, sauti ikiwa chini kabisa, nikasikia mtu anasema "baba". Nikarudisha filamu dakika 5 nyuma.

Jumapili asubuhi nikaifungua ile amplifaya iliyojizima. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeziba chujio, limeshikana kama kipande cha blanketi, nikalibandua kwa vidole. Nyuma yake, beringi ya feni imekwama. Feni mpya niliipata mjini Jumatatu.

Siku hizi, kabla ya onyesho la kwanza, nawasha sauti ya majaribio ya prosesa, ile ya "shhh" kama bomba la maji lililoachwa wazi, chaneli moja baada ya nyingine, mimi nimekaa viti vya katikati. Ni kazi ya dakika 2. Machujio nasafisha kila Jumatatu, na wakati wa vumbi mara mbili kwa wiki. Pia amplifaya nawasha mwisho na kuzima kwanza, hasa umeme unapokatika na kurudi, maana prosesa ikiwaka hutoa mshindo, na mshindo huo ukikuta amplifaya tayari zimewaka unakwenda moja kwa moja kuzipiga spika.

Jumanne filamu ileile ilikuwa bado inaonyeshwa. Nikasimama nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaingoja mvua. Ilianzia juu ya kichwa changu, na mzee mmoja wa safu ya mwisho akainua uso kuangalia dari.