Siku moja maishani mwangu: msimu ukiwa umefungwa

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla sijanawa uso nakwenda dirishani kubonyeza avokado. Ziko sita, zimepangwa juu ya gazeti, kila moja na kikaratasi chake: namba ya mkulima, namba ya mti, tarehe ya kuchumwa. Leo ni siku ya kumi na moja. Tatu zilizotoka mashamba ya chini zimeanza kukubali kidole. Tatu za mlimani bado ni mawe.

Avokado haiivi mtini. Itakaa juu miezi na miezi ikiwa ngumu, na hulainika tu baada ya kuchumwa. Ukiichuma changa hailainiki vizuri, hata uisubiri vipi: hunywea shingoni, ganda likakunjamana, ndani ikawa kama mpira wa ndara. Kwa macho, ile changa na ile iliyokomaa zinafanana kama pacha. Kwa sababu ya kufanana huko ndipo nikapata kazi.

Mimi ni karani wa shamba katika ushirika mdogo wa wakulima huku Kandara, kaunti ya Murang'a. Ukiondoa makaratasi, kazi yangu ni kukata matunda ya watu na kuwaambia hayajafika. Wananiita Daktari, na si kila mara kwa heshima.

Tuko Februari na msimu bado umefungwa. Kwa asiyejua: kila mwaka ukielekea kuisha, Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, iliyo chini ya mamlaka ya kilimo na chakula, AFA, husimamisha uvunaji wa avokado za kusafirishwa nje kwa meli. Hufunguliwa tena mwaka mpya ukishaingia, maafisa wakishapita mashambani kupima ukomavu. Mzigo wa ndege unaweza kuruhusiwa ukishakaguliwa, lakini mwenye miti ishirini atapata wapi mnunuzi wa kumpandishia avokado kwenye ndege?

Saa kumi na mbili na nusu

Boda inapanda. Nimebeba kisu, makasi, mifuko ya karatasi, kalamu ya wino mzito na daftari. Mizani nimeiacha ofisini, haipendi barabara hii.

Ukitaka kuelewa ugomvi wote wa avokado, panda boda huku asubuhi. Murang'a inaanzia chini, kama mita 900 juu ya bahari, kwenye joto la upande wa mashariki, na inapanda hadi kupita mita 3,000 kwenye milima ya Aberdare. Mimi nazunguka kipande kidogo tu cha mteremko huo, na bado natoka nyumbani na shati nikifika juu na koti. Baridi huchelewesha tunda. Mti wa Hass, ambayo ni aina ya avokado, wa chini na ndugu yake wa mlimani, hata wangetoka kitalu kimoja siku moja, hawakomai wiki moja. Kalenda inayowafunga ni moja.

Saa moja na robo

Shosho, bibi mwenye shamba, ananisubiri langoni na chai tayari kwenye thamosi. Ana miti 22 ya Hass, na miwili mikubwa ya aina nyingine, Fuerte, ambayo marehemu mumewe aliipanda zamani, wakati hakuna aliyefikiri avokado ni pesa.

"Umekuja kunikataza tena, mwanangu?"

"Nimekuja kupima, shosho."

"Ni kitu kimoja."

Nachagua miti mitano, na kwa kila mti matunda ya ukubwa wa kati, upande wa jua na upande wa kivuli. Ukichuma yale makubwa peke yake unajidanganya. Nakata kwa makasi nikiacha kikonyo kidogo, maana tunda lisilo na kikonyo huingiza uozo pale juu. Moja nalipasua papo hapo ili shosho aone. Ngozi ya kokwa bado ni nyeupe, nene, imeshikana na nyama. Kwenye tunda lililokomaa inakuwa ya kahawia, nyembamba kama karatasi.

Anatazama, hasemi kitu, ananimiminia chai. Kisha anasema lile lililomkaa moyoni.

"Nyinyi mnakuja na kisu. Broka anakuja na pesa."

Mjukuu wake yuko bweni. Shule zimefunguliwa Januari na karo ya muhula wa kwanza haijakamilika. Nimekaa kazini miaka sita na sijawahi kusikia mkutano wowote ukilitaja hili waziwazi, kwamba miezi ambayo soko la meli limefungwa ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi huku zinahitaji pesa kuliko mwaka mzima. Hapo ndipo tunda changa linapoanzia safari. Tamaa ya broka huja baadaye, ikikuta mlango umeshafunguliwa na barua ya mwalimu mkuu.

Saa tatu na nusu

Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya banda la kukusanyia matunda. Vifaa vyenyewe havitishi: mizani ya dijitali, kifaa cha kukwaruzia karoti, sahani za kioo, maikrowevu.

Unamenya, unatoa kokwa na ngozi yake, unakwaruza nyama, unapima gramu 10. Unaingiza kwenye maikrowevu kwa moto mdogo, unatoa, unapima, unarudisha. Unaendelea hivyo mpaka uzito ukome kushuka. Ikianza kuungua na kutoa harufu ya karanga, umeharibu, anza upya. Maji yote yakishatoka, kinachobaki ndicho uzito mkavu, na sehemu kubwa yake ni mafuta. Mafuta ndiyo yanayoifanya avokado iwe avokado. Gramu 2.4 zikibaki kwenye 10, tunda lina asilimia 24.

Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinataka Hass iwe na angalau asilimia 21. Mnunuzi wetu hapokei chini ya 24, na simlaumu. Kontena likitoka Mombasa kwenda Ulaya hukaa baharini wiki kadhaa, na mwisho wa 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ilirefuka zaidi. Tunda lililopita kwa kuchungulia mstari linafika limechoka.

Saa nne na nusu matokeo yako mezani. Shosho: 21.4. Mzee wa shamba la chini, niliyemchukulia sampuli jana jioni: 26.1.

Nakaa nikiyatazama kwa muda. Kwa Codex shosho amepita, kwa mnunuzi ameanguka. Mzee wa chini amepita kote, na yeye pia haruhusiwi kuvuna. Mmoja amefungiwa kwa haki, mwingine kwa sababu ya tarehe.

Saa tano na nusu

Natoka kwenda kumpa mzee majibu yake na kando ya barabara nakuta lori. Vijana wako juu ya miti ya jirani wanatikisa matawi, matunda yanaanguka chini pwata, pwata, kama mawe ya mvua. Magunia yanajazwa. Broka nafahamiana naye, tulisoma shule moja ya msingi.

"Daktari! Usinipime, hizi ni za Nairobi."

Inawezekana ni za Nairobi. Inawezekana zitakamuliwa mafuta, na huko tunda lenye michubuko halina shida kubwa. Na inawezekana zitaoshwa, zipangwe kwenye katoni za kilo nne, na mtu fulani atafute njia ya kuziingiza kontenani. Nikiangalia gunia siwezi kujua, na hata yeye labda hajui. Anauza kwa anayemlipa. Ananunua kwa tunda, si kwa kilo, ndogo na kubwa bei moja, na hiyo bei siiandiki hapa kwa aibu.

Ninachojua ni kwamba tunda lile likifika sokoni Ulaya likiwa mpira, mnunuzi wa huko hatasema lilitoka kwa broka fulani wa Kandara. Atasema limetoka Kenya. Mwanzoni mwa mwaka matunda huwa machache katika soko la huko na bei inavutia, kwa hiyo kila mtu anataka kuwa wa kwanza. Kisha Peru inaingia na mzigo wake mkubwa katikati ya mwaka, na sisi tunaanza kuuza tukiwa tayari tuna jina baya. Kwa hiyo sheria ya kufunga naiunga mkono, hata kama hapa kijijini si jambo la kusema kwa sauti.

Mwenye shamba amesimama pembeni akihesabu noti. Tunasalimiana. Hakuna anayezungumzia matunda.

Saa saba mchana

Githeri kibandani, pamoja na mpwa wangu anayesomea sheria na ambaye yuko nyumbani wiki hii. Namsimulia ya asubuhi, naye ananisimulia kisa cha zabibu kavu za Marekani kilichonifanya nisahau kijiko.

Huko kulikuwa na amri ya soko ya mwaka 1949, chini ya sheria ya 1937, iliyoiwezesha kamati kutenga sehemu ya zabibu kavu za kila mwaka zisiingie sokoni ili bei isianguke. Msimu wa 2002 hadi 2003 wakulima walitakiwa kutenga asilimia 47. Mwaka uliofuata, 30. Familia moja ya California, akina Horne, ilikataa na ikatozwa faini. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 majaji wakaamua kwamba kuchukua zabibu za mtu ni kama kumchukulia mali nyingine yoyote. Serikali lazima ilipe fidia.

"Kwa hiyo shosho anaweza kushtaki?" nauliza, nusu mzaha.

"Shosho hajachukuliwa tunda. Amechukuliwa muda."

Analipa githeri yangu pia, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Saa nane u nusu

Maafisa wa upimaji wanafika, wawili, na gari lenye vumbi. Hawa ndio wanaozunguka kabla msimu haujafunguliwa. Mmoja ni kijana mpole anayeandika kila kitu. Nawapeleka mashamba manne, wanachukua sampuli zao, nami nawaonyesha daftari langu la wiki tano: chini ya barabara kuu wengi wamepita 24, juu karibu na majani chai hakuna aliyefika 22.

Namwuliza kijana kwa nini wasifungue kwa kanda, joto kwanza, baridi baadaye. Anajibu kwa uungwana kwamba hilo ni rahisi kulisema na gumu kulilinda: ukifungua chini, usiku matunda ya juu yatashuka na lori, na asubuhi yote yatakuwa ya chini. Nalikumbuka gunia la saa tano na nakosa la kusema. Labda jibu ni kupima tunda mlangoni mwa kila kiwanda cha kupakia, mzigo kwa mzigo, mwaka mzima, na kuiacha tarehe. Hilo linataka watu wengi na mizani nyingi. Anaandika. Hata kama hatalifikisha popote, nimefurahi kuona kalamu ikitembea.

Saa kumi na moja jioni

Mkutano wa wanachama, dakika arobaini, na thelathini kati yake ni za wezi. Tunakubaliana walinzi wa usiku wawe wanne. Mimi nasimama kuhusu kumbukumbu: nani alipulizia dawa gani, siku gani, mtego wa nzi wa matunda ulikamata wangapi. Mabega yanashuka. Nawakumbusha kwamba mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga mlango wake kwa avokado zetu kwa sababu ya nzi huyo huyo, na kwamba China ilipokubali mwaka 2022 kuchukua avokado mbichi kutoka Kenya, mkataba wake ulidai mashamba yawe yamesajiliwa na yafuatilike. Mama mmoja wa nyuma anauliza kama China wanalipa kwa kilo. Swali zuri kuliko yangu yote. Mnunuzi wetu analipa kwa kilo, namjibu, na hapo ndipo madaftari yanafunguliwa.

Saa tatu usiku

Simu ya shosho. Hajauza. Broka alipita saa kumi, akaongeza shilingi mbili kwa kila tunda, naye akamwambia arudi kesho. Kesho ndiyo anataka jibu langu.

Namwambia ukweli: 21.4, labda wiki tatu zaidi, labda nne kwa baridi hii. Namwambia pia nimeomba ushirika umpe mkopo mdogo wa karo ukatwe kwenye mavuno, na mweka hazina hajakataa. Kimya kidogo upande wa pili.

"Na hiyo ishirini na moja yako mimi nitaionaje kwa macho?"

Naenda dirishani. Moja ya zile za chini imelainika sawasawa. Naipasua, nainyunyizia chumvi, naila nimesimama. Kisha nachukua moja ya mlimani, namba 14, kutoka shamba linalopakana na la shosho. Asubuhi ilikuwa jiwe. Sasa shingo imeanza kukunjamana na ukiibonyeza inarudi kama mpira. Naifunga kwenye gazeti na kuitia mfukoni mwa koti la kesho, karibu na kisu.