Rimoti za kujibia darasani: nilipoanza kuificha grafu

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimaliza mada nauliza, "Tumeelewana?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Mtihani ukija ndipo naumbuka.

Rimoti za kujibia zilipoletwa nilizipokea shingo upande. Kila mwanafunzi anakuwa na yake yenye vitufe vya A hadi D, kipokezi kinachomekwa kwenye kompyuta, na kura zikiingia nguzo za grafu zinapanda ukutani. Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu tupu: betri zimekufa, wawili wamesajiliwa kwa rimoti moja, robo saa imekwisha na sijaandika hata mstari ubaoni. Nilipozibandika namba, kila mtu akawa anachukua yake akiingia mlangoni, tukatulia.

Kosa lililobaki lilikuwa langu. Niliiacha grafu wazi wakati kura zinaingia. Nguzo ya B ikitangulia kidogo tu, wote wanaikimbilia kama kumbikumbi na taa. Siku moja B ilizoa karibu darasa zima, na haikuwa jibu.

Nikasoma kuhusu Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye tangu 1991 amekuwa akiwafanya wanafunzi wafundishane. Kila mmoja anajibu kwanza kimya, peke yake. Waliopata wakiwa kama asilimia 30 hadi 70, wanajadiliana na jirani kisha wanapiga kura upya. Wakipungua hapo, mwalimu arudi kufundisha. Wakizidi, aeleze kidogo aendelee.

Nikajaribu kwa mpira uliorushwa wima: ukifika kileleni kabisa, mchapuko wake, yaani mwendo wake unavyobadilika kila sekunde, ni ngapi? Grafu nimeificha. Kwenye skrini yangu zaidi ya nusu wamesema sifuri. Nikasema tu, "Mgeukie mwenzako, mbishane." Kelele zikapanda hadi nikafunga mlango. Katikati yake nikamsikia binti mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono: "Kama ni sifuri, na mpira umeshasimama, utarudije chini? Si utaning'inia hukohuko?" Kura ya pili, wengi wakahamia mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini, ambalo ndilo jibu. Mimi nilikuwa nalieleza jambo hilo kwa fomula, dakika kumi nzima, na halikuwa likiingia.

Tangu hapo kazi yangu kubwa ni kutunga majibu ya uongo. Siyabuni, nayaokota kwenye madaftari yao ninaposahihisha, maana kosa la mwenzao linawanasa kuliko la kwangu.

Alama za kujibu sahihi nilizifuta baada ya kumkamata kijana mmoja akibonyeza rimoti tatu, mbili za rafiki zake waliotoroka kipindi. (Zote tatu alikosa.)

Mwezi uliopita kipokezi kiligoma. Nikawaambia wafumbe macho, kila mmoja aweke vidole kifuani: kimoja ni A, vinne ni D. Ubishi ulikuwa uleule. Kilichonitoa jasho ni kuhesabu vidole.