Jumanne Moja Theresienwiese: Binti wa Mpika Mbege kwenye Sherehe ya Bia ya Munich

Mimi ni mhudumu wa hoteli mjini Moshi. Septemba 2024 nilitumia likizo yangu yote kuzunguka Ujerumani nikiwa na shanta mgongoni, hema dogo nililoazimwa na binamu yangu anayeishi Leipzig, na tiketi ambayo mwaka huo iliuzwa yuro 49, inayokuruhusu kupanda treni zote za mikoani kwa mwezi mzima, mradi uwe na subira ya kusimama katika kila kituo. Katika safari hiyo ninasimulia siku moja tu, Jumanne niliyoshinda kwenye Oktoberfest, sherehe ya bia inayofanyika kwenye uwanja wa Theresienwiese mjini Munich. Jumanne niliichagua kwa sababu za kimaskini: ni siku ya familia, bembea na michezo mingi hupunguzwa bei, na mtu asiyeweka nafasi mapema bado anaweza kupata pa kukaa.

Saa 12:30 asubuhi. Baridi ndiyo iliyoniamsha. Kambi ya mahema ipo Thalkirchen, kando ya mto Isar, na umande ulikuwa umelowesha hema langu kana kwamba mvua ilinyesha. Majirani zangu, vijana waliorudi usiku wa manane, walikuwa wamelala na viatu vyao, miguu nje na vichwa ndani. Nilichemsha chai ya rangi kwenye jiko dogo la gesi na kula mkate wa jana.

Saa 3 asubuhi. Treni ya chini ya ardhi, namba U3, ilinifikisha Goetheplatz, na kutoka hapo hakukuwa na haja ya kuuliza njia, kwa maana wanaume waliovaa kaptura za ngozi na wanawake waliovaa Dirndl, gauni la jimbo la Bavaria lenye aproni, wote walielekea upande mmoja. Langoni ndipo nilipokwama. Tangu mwaka 2016 hairuhusiwi kuingia na mfuko wowote unaozidi ujazo wa lita tatu, nami nilikuwa nimebeba shanta zima kwa mazoea tu, kwa kuwa pasipoti na fedha zangu zote zilikuwa humo. Mlinzi hakunifokea, alinionyesha kwa kidole mahali pa kuweka mizigo kwa malipo, kisha akamgeukia mtu aliyefuata. Nilipanga foleni dakika arobaini kuliacha shanta, nikalipa, nikarudi kupanga foleni nyingine ya kupekuliwa kwa kifaa cha kutambua chuma. Nilikuwa nimezunguka nalo wiki mbili bila kuulizwa na mtu, na bila hilo nilijiona mwepesi kupita kiasi, kama aliyesahau mtoto mahali.

Kwenye lango kuu kuna kumbukumbu ambayo wengi huipita bila kuitazama. Tarehe 26 Septemba 1980, bomu lililotegwa hapo na mfuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia liliwaua watu 12 na yeye mwenyewe, na kuwajeruhi zaidi ya 200. Nilisimama kidogo. Baada ya kusoma hayo, ile foleni ya upekuzi haikuniudhi tena.

Saa 4 asubuhi. Siku za kazi mahema hufunguliwa saa hiyo. Neno hema, hata hivyo, linapotosha, maana ni majumba makubwa ya mbao na turubai yanayoketisha maelfu ya watu, ambayo hujengwa kila mwaka kwa wiki kadhaa kisha kubomolewa yote. Bia inayouzwa ni ya viwanda sita vya mjini Munich pekee: Augustiner, Hacker-Pschorr, Hofbräu, Löwenbräu, Paulaner na Spaten. Niliingia kwa Augustiner, kwa kuwa nilisikia kuwa wao bado wanamimina kutoka mapipa ya mbao ya lita 200, na mtoto wa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, hawezi kusikia habari ya pipa la mbao akapita.

Mama yangu alipika mbege Kibosho kwa miaka mingi, na ada yetu ya shule ilitoka kwenye ndizi na ulezi. Ndiyo maana macho yangu hayakwenda kwenye matarumbeta wala kwenye mapambo ya darini. Yalikwenda kwenye mikono ya wahudumu. Gilasi moja ya hapa, inayoitwa Maß, hubeba lita nzima, na ikijaa huwa na uzito wa kilo mbili na ushei. Mwanamke mmoja wa makamo, mfupi, alipita mbele yangu akiwa amekumbatia kumi kwa mpigo. Hizo ni zaidi ya kilo ishirini, sawa na ndoo ya maji tuliyokuwa tukitwika utotoni, isipokuwa sisi tulikuwa na kichwa na ngata, naye ana vidole na kifua tu, na njia anayopita imejaa watu wasiotazama waendako.

Huhudumiwi ukiwa umesimama. Niliomba nafasi kwenye meza ya wazee wanne waliokuwa wakicheza karata, wakasogea bila kunihoji, na yule mama mfupi akaja. Bei ya lita moja ilizidi yuro 14, na hulipwa papo hapo. Nilipotoa fedha nilikumbuka kwamba neno letu hela lilitoka kwa watu hawa hawa, kwenye Heller, sarafu ndogo ya enzi za utawala wao Tanganyika. Niliwaeleza wazee wale, na mmoja wao alicheka mpaka karata zikamwanguka.

Kwa kuwa asubuhi wateja walikuwa wachache, yule mama alipata dakika mbili za kuzungumza nami kwa Kiingereza cha kuungaunga, na nilipomwambia kuwa mimi pia ni mhudumu, alinionyesha viganja vyake kabla sijamwomba. Vidole gumba alikuwa amevifunga plasta, na kifundo cha mkono bendeji. Alinieleza kwamba bia anayoileta mezani ameshailipia yeye kaunta; akiangusha, au mteja akitoroka, hasara ni yake, na malipo yake ni asilimia ya mauzo pamoja na bakshishi. Huchukua likizo kwenye kazi yake ya kawaida ili aje kufanya kazi hii siku zote 16. Nilimwambia kwamba mimi nimechukua likizo ili nije kumtazama akifanya kazi. Hakuona kichekesho, alikwishaitwa meza nyingine.

Na bia yenyewe? Ni nyepesi kinywani na ina uchungu mdogo, lakini ina kilevi cha karibu asilimia sita, na hapo ndipo wageni wengi hunaswa. Uchungu wao hutoka kwenye hopi, maua yanayotiwa kwenye bia, wetu kwenye gome la mti wa msesewe, na nisifiche upendeleo wangu: msesewe una adabu zaidi, hukuonya mapema. Nilikunywa gilasi hiyo moja kwa muda wa saa mbili na nusu.

Saa 7 mchana. Nilikula samaki. Nje ya hema la Fischer-Vroni huchomwa samaki waliotungwa kwenye vijiti, wameegemezwa juu ya makaa katika safu ndefu, na harufu yake ingeweza kumfanya mtu wa Tanga alie kwa kukumbuka kwao.

Saa 8:30 mchana. Upande wa magharibi wa uwanja kuna sanamu ya Bavaria, mwanamke wa shaba nyeusi mwenye urefu wa mita 18.5 na simba ubavuni, aliyezinduliwa mwaka 1850. Ndani yake kuna ngazi, unapanda mpaka kichwani na kuchungulia kwenye vitundu. Kwa kutazama kutoka huko ndipo nilipoelewa kuwa hapa palikuwa malisho. Tarehe 12 Oktoba 1810 mrithi wa ufalme, Ludwig, alimwoa Therese, na siku tano baadaye wakazi wa Munich walikusanyika kwenye uwanja huu, nje ya mji wa wakati huo, kutazama mbio za farasi. Uwanja ukapewa jina la bibi harusi, Theresienwiese, ndiyo maana wenyeji huiita sherehe yote Wiesn. Mbio za farasi zilikwisha zamani, bia ikabaki.

Saa 12 jioni. Mpaka saa hii bendi hutakiwa kupiga muziki wa taratibu wa matarumbeta. Ikishapita, sauti hupanda, na watu waliokuwa wameketi kwa heshima husimama juu ya mabenchi. Meza yangu ya asubuhi ilikuwa imejaa vijana, wazee wa karata hawapo.

Saa 1 usiku. Nilitoka nje, nikasimama karibu na bembea na kumpigia mama simu. Nyumbani ilikuwa saa mbili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo kelele ni ya nini?”

Nilimweleza. Aliuliza maswali ya kitaalamu: inakaa siku ngapi kabla ya kunywewa, nani anaosha vyombo, na nani huonja kwanza. Kwetu mpika pombe huonja mbele ya watu kabla ya kuwapa. Nilimjibu kwamba siku ya ufunguzi meya wa mji ndiye anayelitoboa pipa la kwanza, na gilasi ya kwanza hupewa waziri mkuu wa jimbo la Bavaria.

“Na aliyeipika?”

“Sikumwona, mama.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimevaa sweta.

Saa 4:30 usiku. Gilasi za mwisho zilitolewa na bendi ikaanza kufunga. Kwenye milango walinzi walikuwa wakikagua makoti ya wanaoondoka, kwa kuwa watu hupenda kuiba gilasi ziwe ukumbusho. Mwaka huo zilinaswa karibu 100,000. Kwenye hoteli niliyoanzia kazi, gilasi ikipotea ilikatwa kwenye mshahara wa mhudumu, hivyo kila mlinzi alipochomoa moja kutoka ndani ya koti la mtu nilifurahi kuliko ilivyostahili.

Yule mama mfupi nilimkuta kwenye benchi la nje, amevua viatu, anahesabu noti na kuzipanga kwa thamani. Alinitambua. Nilimuuliza atakunywa nini sasa kwa kuwa kazi imekwisha.

“Chai,” alijibu, bila kuinua macho kwenye noti zake.

Nililichukua shanta langu kwa mwenye mizigo, nikaliweka mgongoni, na kuteremka Goetheplatz kusubiri treni ya kurudi Thalkirchen.