Siku moja maishani mwangu: kusafisha lakabu za funksheni kwenye kerneli, nikiwa Mbeya

Saa 12:30 asubuhi. Mwezi wa saba hapa Mbeya hutoki bila sweta. Nakunywa chai ya maziwa na chapati hapa Soweto, kisha napanda bajaji hadi ofisini Mafiati.

Saa 2:00. Kazi yangu ni kutunza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwenye vibao vya ARM (kompyuta ndogo zenye prosesa ya aina hiyo) vya biti 64 vinavyopima joto la matangi ya kupozea maziwa upande wa Rungwe. Tunatumia toleo la 5.10, tunataka kuhamia 6.1. Asembli yetu ya kunakili data (msimbo ulioandikwa kwa amri za prosesa zenyewe) haikubali kujengwa kwenye toleo jipya, kwa sababu imeandikwa kwa makro (vifupisho vya msimbo) `SYM_FUNC_START_ALIAS` na `SYM_FUNC_END_ALIAS`, na hizo ziliondolewa mwaka 2022, kwenye toleo la 5.18.

Njia ya haraka ni kuzirudisha makro za zamani kwenye kerneli mpya. Siitaki. Waliozitoa walikuwa na sababu nzuri, na leo nataka kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi wa chuo cha Iyunga, aione sababu hiyo kwa macho yake.

Saa 3:00. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Vuta kiti."

Namfungulia `memcpy`, funksheni ya kunakili data, ya toleo la 5.10. Mwili ni mmoja, majina matatu; majina ya ziada ndiyo lakabu. `memcpy` ni jina dhaifu, ili KASAN, mkaguzi wa makosa ya kumbukumbu, aweze kuweka `memcpy` yake mwenyewe mahali pake. `__memcpy` ni kwa anayetaka kunakili bila kupitia kwa mkaguzi huyo. `__pi_memcpy` ni kwa msimbo unaokimbia mapema sana wakati wa kuwaka, kabla kerneli haijakaa kwenye anwani zake za kudumu.

"Sasa dada, si tufute mawili tubaki na moja?"

Hapana. Kila jina lina wanaoliita. Kinachosumbua ni namna yalivyoandikwa: kila lakabu inafunguliwa juu ya mwili na kufungwa chini yake, moja ndani ya nyingine, kama sufuria zilizopangwa kabatini. Kwenye faili lenye mistari mia mbili ya rejista (hifadhi ndogo za ndani ya prosesa) na matawi, unasoma juu, unashuka mpaka chini kuhakikisha kila kilichofunguliwa kimefungwa, halafu unapanda tena.

Saa 4:30. Hapa ndipo penye uzito, na tulikaa napo mpaka mchana.

Kwenye ARM kuna ulinzi unaoitwa BTI. Ukiwashwa, simu, yaani wito wa funksheni, inayopitia anwani iliyo ndani ya rejista lazima itue kwenye amri maalumu, kama `bti c`. Ikitua pengine, prosesa inakataa. Makro ya kawaida ya kuanzisha funksheni inaiweka amri hiyo yenyewe. Makro ya zamani ya lakabu haikuiweka. Kwa hiyo mpangilio ulikuwa na maana: lakabu kwanza, jina halisi mwisho. Ukigeuza, lakabu inaelekeza baada ya `bti c`. Asembla inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine halalamiki, linka inayounganisha vipande halalamiki. Simu za moja kwa moja zinapita vizuri, maana BTI haizikagui. Siku mtu atakapoita lakabu hiyo kupitia rejista, kerneli inaanguka, na wewe unatafuta kosa kwenye faili ambalo hukuligusa.

Makro mpya, `SYM_FUNC_ALIAS`, inaondoa mtego huo. Unaandika mwili wako kwa jina moja, unaufunga, kisha chini yake unatangaza: jina hili ni sawa na lile. Kwa ndani ni `.set` ya asembla, na aina na ukubwa vinachukuliwa kutoka jina la asili. Ipo pia `SYM_FUNC_ALIAS_WEAK` kwa majina dhaifu.

Saa 7:00 mchana. Wali wa Kyela na maharage kwa mama lishe.

Saa 8:00. Sikuanza na 6.1. Nilizileta kwanza makro mpya kwenye 5.10 yetu, nikasafisha humo humo. Sababu yake ni ushahidi: ukibadilisha lakabu na toleo kwa pamoja, huna cha kulinganisha. Ukibadilisha lakabu peke yake, msimbo wa mashine haupaswi kubadilika hata baiti moja.

Kijana akaendesha `objdump`, inayoonyesha msimbo wa mashine, kwenye faili la kabla na la baada, kisha `diff` ya kulinganisha. Kimya. Halafu `nm`, inayoorodhesha majina: `W` (jina dhaifu) imebaki `W`, `T` (jina la kawaida) imebaki `T`, anwani ni zile zile. Akaniuliza kama anaruhusiwa kufurahi. Nikamwambia tufurahi wote.

Saa 10:00. Sasa 6.1. Inajengwa. Tunaiwasha ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kwa `-cpu max` ili BTI iwepo, mara moja bila KASAN, mara moja nayo. Inawaka zote mbili.

Saa 11:30 jioni. Viraka viwili, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa kukaguliwa: cha kwanza kinaleta makro, cha pili kinasafisha asembli yetu. Kwenye maelezo ya cha pili nimeandika wazi kwamba msimbo wa mashine haujabadilika, na amri za kuthibitisha hilo, ili mwenzangu atakayekikagua asilazimike kuniamini.

Mwenzetu aliyeko Iringa alijibu kabla sijafunga kompyuta: "Dada, hili jina la `__pi_` kwenye faili la mwisho nani analiita?" Tukatafuta kwenye msimbo wote. Hakuna. Yuko sahihi. Lakini kulifuta ni badiliko la aina nyingine, kwa hiyo halitaingia kwenye kiraka cha pili. Kesho kijana ataandika kiraka cha tatu, kwa jina lake, na huyo wa Iringa ndiye atakayekikagua.