Walivyoniambia "huna kitu" ndivyo nilivyozidi kurudi hospitali

Ndani ya mwaka mmoja nilifikishwa chumba cha dharura mara tisa, na mara zote tisa nikarudishwa nyumbani na maneno yale yale: "Moyo wako mzima, huna kitu." Walidhani wananituliza. Mtu aliyebanwa kifua, vidole vikafa ganzi na pumzi ikakatika, ukimwambia hana kitu anaelewa jambo moja tu: hawajakiona.

Nikawa nabadilisha hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo, damu, tezi ya shingo, picha ya kifua. Nikimaliza hapa naanza kule. Majibu mazuri yalinipa usingizi wa siku mbili tatu, kisha wazo linarudi: labda mashine ilikuwa mbovu. Halafu nesi mmoja akanisema mbele za watu, "Wewe tena?" Nikakata mguu kabisa. Hata jino lilipooza sikwenda. Upande huu wa kuikwepa hospitali hausemwi sana, nao unaumiza vilevile.

Aliyenitoa ni daktari aliyesoma makaratasi yangu yote kabla hajafungua mdomo. Akasema, "Ugonjwa unao. Ni hofu ya ghafla inayojirudia, madaktari wameupa jina lake tangu 1980, na tiba ipo." Nililia pale pale. Akanieleza kwamba nikipumua haraka kupita kiasi, kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, ndipo vidole vinapochomachoma. Kisha akauliza: hofu hiyo ikianza, huchukua muda gani kufika kilele chake? Sikujua.

Akanituma niandike saa. Daftari hilo ninalo hadi leo. Ukurasa wa kwanza: "8:14 usiku, kifua. 8:17 ganzi. 8:22 nakufa. 8:35 nataka maji." Kurasa zikajaa, na karibu kila mara kilele kilikuja ndani ya dakika kumi. Kumbe siku zote nilikuwa nafika hospitali kilele kimeshapita, nami naishukuru hospitali!

Mtaalamu wa saikolojia naye alinizungusha kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka mpaka chumba kikazunguka, akanibana pua nipumue kwa mrija, akanikimbiza papo hapo nilipo. Alitaka moyo uende mbio makusudi, nikae nao, nione unavyotulia wenyewe. Mara ya kwanza nilimshika mkono nikimsihi aache. Wiki ya tano nilijizungusha mwenyewe. Dawa za kila siku nilipewa pia. Zilichukua wiki kadhaa kufanya kazi, usizitupe mapema.

Walionishauri nipumulie ndani ya mfuko wa karatasi hofu inaponishika bado wananikera. Ikiwa kilichokushika ni pumu au moyo kweli, mfuko unakunyima oksijeni. Na kama ni mara yako ya kwanza, nenda ukapimwe. Hata mimi, maumivu yakija kwa sura mpya, yakienda mkononi au kwenye taya, siangalii daftari, naondoka.

Kwa mengine yote nina daktari mmoja, namwona kila baada ya wiki nne, niwe naumwa au sijambo. Swali la usiku linasubiri siku hiyo.

Mwezi uliopita nilikwenda kung'oa lile jino. Nilipolazwa kwenye kiti moyo ukaanza. Nikamwomba daktari anisubiri, nikatazama saa ya ukutani. Dakika saba. Kisha nikafungua mdomo.