Kutoka kaunta ya benki hadi darasani

Watu wananiuliza mbona nimeacha benki nikasomee ualimu na umri huu, haya wacha niwaambie vile inaenda. Hapa Kenya bila namba ya TSC (tume inayosajili walimu) huruhusiwi kufundisha shuleni, so kama digrii yako si ya ualimu unarudi chuo kufanya diploma ya uzamili ya elimu, halafu bado wanaangalia C+ yako ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) kwa yale masomo mawili utafundisha (karatasi ya ujanani jameni!). Lakini TP, yaani mazoezi ya kufundisha, ndio ilinitoa jasho, mkaguzi amekaa nyuma na andalio langu la somo, Form Two wananiita Buda wa Loni (mzee wa mikopo), ila hesabu za riba walizishika fasta sana.